Mwaka Min Okello Aliponinenepesha

Tulimzika Min Okello Ijumaa asubuhi, mapema sana, kwa sababu alikuwa ameacha agizo kwamba mtu yeyote asiingie Sabato akiwa na udongo wa kaburi lake viatuni. Nilikaa chini ya hema pale Homa Bay pamoja na dada yangu Boke, ambaye aliolewa na Okello, mwana wa kwanza wa marehemu. Wasifu ulisomwa vizuri. Marehemu alikuwa Mkristo, mfanyabiashara, mama wa wengi. Kisha msema chochote akachukua kipaza sauti na kutangaza: "Kuna askari mstaafu hapa kutoka Ukuria. Anasema marehemu ndiye alimjenga. Aje atuambie alimjenga aje." Nikasimama. Sikufika mbali. Nilipotaja ugali tu, wazee wa mbele wakaanza kucheka, na mjukuu mmoja wa marehemu akatoka nje ya hema akiwa ameshika mbavu. Nikakaa chini. Niliyoshindwa kuyasema pale ndiyo haya ninayoyaandika, na namwomba msomaji acheke kwa wakati wake, si kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba kiasi kwamba nikisimama kando ya mlango watu walinipita bila kunisalimu. Nilitaka kuwa askari wa magereza. Siku ya kuandikisha makurutu nilitoka kwetu Ntimaru na chai ya rangi tu tumboni, nikiamini kwamba anayekwenda kukimbia hapaswi kubeba chakula. Kumbe kabla ya mbio kulikuwa na mizani. Pale uwanjani Migori nikavua viatu, nikapanda. Afande aliyekuwa akipima, mtu mfupi mwenye tumbo la starehe, aliangalia sindano, akaniangalia mimi, kisha akachungulia nyuma yangu kana kwamba anangoja mtu mwingine afike.

"Umekuja peke yako?"

"Ndiyo, afande."

"Na ile sehemu yako nyingine iko wapi?"

Uwanja mzima ukacheka. Akanishika bega, bila ubaya wowote, akasema: "Rudi mwakani, dada. Saa hii nenda ukule." Ningecheka pia kama si mzee mmoja wa kule kwetu, mwenye ng'ombe wengi na meno machache, aliyekuwa amekuja nyumbani mara mbili kuuliza habari zangu, naye hakuwa anauliza mambo ya uaskari. Baba alinipa mwaka mmoja. Nikikataliwa tena uwanjani, mzee angejibiwa. Boke aliposikia, akatuma ujumbe niende Homa Bay kwa mama mkwe wake. Yeye na Okello walikuwa wakiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, lakini mama mkwe alikuwa na hoteli ya chakula mjini, na kwa maneno ya Boke, hakuna mtu aliyewahi kutoka kwa mama yule akiwa vile alivyoingia.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mabati, meza tatu, na nyuma yake chumba kimoja cha magunia ya unga ambamo niliwekewa kitanda. Mwenye hoteli aliitwa na mji mzima Min Okello, yaani mama yake Okello. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mashua. Siku niliyofika hakuniuliza habari za safari. Alinibonyeza mkono juu ya kiwiko, kama anayechagua kuku sokoni.

"Hii ni mkono ama ni mpini?"

"Ni mkono, mama."

"Na wanataka uzito kiasi gani hao watu wa jela?" Nikamwambia. Akacheka. "Mwaka moja ni mingi. Mimi hata nusu yake nitakuwa nimemaliza hii kazi. Kaa chini. Chiem!"

Chiem ni kula, na hilo ndilo neno la kwanza la Kijaluo nililolijua, na kwa muda mrefu likawa la pekee, kwa kuwa halikuniachia nafasi ya kujifunza mengine. Asubuhi ilikuwa uji wa mtama uliochanganywa na maziwa na njugu za kusaga. Jua likipanda kidogo, mandazi. Mchana ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, umesimama sahanini kama kilima, na kando yake kipande cha mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Mafuta ya tumbo la mbuta aliyayeyusha mwenyewe kwenye sufuria na kunimwagia juu ya mboga mpaka mboga zikaogelea. Jioni kabla ya jioni yenyewe, nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Halafu ugali tena, na omena waliopikwa kwa malai ya maziwa. Nikisukuma sahani alikuja kusimama nyuma yangu, na kivuli chake kikaifunika meza yote. Na kazi alininyima kabisa. Nikiinua ndoo ya maji, alipiga kelele kama nimeinua jeneza: "Weka chini! Kazi inakula mwili!" Kwa hiyo nilikula, nikalala kati ya magunia ya unga, nikaamka, nikala.

Kila Jumapili nilipelekwa ng'ambo ya barabara kwa Mzee Abdalla, mfanyabiashara kutoka pwani, ambaye dukani kwake kulikuwa na mizani ya kupimia magunia. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia nyeupe, na aliichukua shughuli ile kwa heshima zote. "Vua viatu, binti yangu," aliniambia. "Sukari haivai viatu." Wateja walisogea kutazama, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Mmoja alisema ninyweshwe supu ya kongoro, mwingine akasema Wakuria ni mifupa tu, hata ukiwalisha mbegu ya pamba. Sindano ikaanza kupanda. Min Okello aliiangalia kama mtu anayetazama mashua yake ikirudi imejaa, kisha akanivuta mkono turudi hotelini nikale, ili isije ikabadilisha mawazo.

Shida ilikuwa ni mahali uzito ule ulikokwenda kukaa. Mikono ilibaki mipini ileile. Miguu vilevile. Kila kitu kilikwenda mashavuni na tumboni, hasa tumboni, na kwa kuwa nilikuwa mrefu na mwembamba kwingine kote, tumbo lilionekana kama mzigo niliobebeshwa na mtu. Sketi nilianza kuifunga kwa pini. Siku moja mchana nimelala chumbani kwangu, nikawasikia wateja wawili upande wa pili wa bati, mafundi wa mashua, wanangoja chakula. Mjini nilikuwa nimekwisha kupewa jina la Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria.

"Hiyo tumbo ya Nyar Kuria umeiona?"

"Nimeiona. Ni ya Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Huyu Odhiambo, wa bayolojia."

Kisha yule wa kwanza akasema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika: "Basi amefundisha."

Mwalimu Odhiambo alikuwa kijana wa sekondari ya jirani, hajaoa, mwembamba kunishinda, ambaye alikula kwetu kila jioni. Min Okello alikuwa amejaribu kumnenepesha kabla yangu akashindwa, akamwita kisima kisicho na chini. Ni kweli tulizungumza sana, kwa sababu mimi nilikuwa na maswali na yeye ndiye mtu pekee mjini aliyejibu swali bila kunipa chakula. Nilimuuliza ugali unakwenda wapi ukishamezwa, naye akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za kwao. Hatukuwa tumegusana hata mkono. Kwamba miaka michache baadaye alinioa, na kwamba wale mafundi walikuja harusini wakisema wao waliona mapema, hilo ni jambo lingine, wala haliwapi haki. Hata ninapoandika haya yuko chumba cha pili, anauliza nani ameficha chumvi.

Mwanzoni nilicheka, nimejiziba mdomo kwa mto. Kisha nikaacha kucheka. Maneno ya mjini hupanda gari. Yakifika Ntimaru, baba asingengoja mwaka uishe, na uwanjani Migori kulikuwa na muuguzi wa kukagua kama msichana ana mimba kabla hajapanda mizani. Kabla sijapata la kufanya, Boke akaingia kutoka Remba na mizigo ya omena. Hakunisalimu. Alilitazama tumbo langu, akakaa juu ya gunia, akaanza kulia.

"Ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wako."

"Robi, usinifanyie mzaha!"

"Dada, naapa. Ni ugali."

Hakuniamini hata kidogo. Na jioni ileile wakaja wazee watatu wa kanisa, wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani, waliotumwa kumwuliza Min Okello ni mambo gani yanaendelea nyumbani mwa muumini. Walikaa meza ya katikati. Min Okello alipoelewa walichokuja kutafuta, alisimama na mwiko mkononi, na sidhani kama alikuwa na nia ya kupika. Wakati huohuo Mwalimu Odhiambo akaingia, akapachika koti lake kwenye msumari, akasema habari za jioni. Hoteli nzima ikageuka kumtazama.

Alipoambiwa anashukiwa nini, aligeuka rangi. Nilidhani atatoka mbio. Badala yake aliomba sahani ya ugali, kipande cha samaki na bakuli la mafuta, akavipanga mbele ya wazee kama mtu anayeandaa meza ya Bwana.

"Wazee wangu, ndani ya tumbo la huyu msichana mna ugali."

"Mwalimu, usicheze na kanisa," akasema mzee mmoja.

"Sichezi. Hii ni wanga." Akafinya tonge. "Ikiingia tumboni inakuwa sukari, inaingia kwa damu, na hiyo ndiyo mwili unachoma haraka. Yenye imebaki inawekwa kwa ini na kwa misuli. Lakini hiyo stoo ni ndogo. Ni kama hiki chumba cha unga cha Mama hapa nyuma. Ukishapanga magunia kadhaa, mlango haufungi."

"Na ikijaa?" akauliza mzee yuleyule.

"Inageuzwa mafuta." Akasogeza bakuli. "Haya nayo ndiyo stoo kubwa. Hii haina mlango wala ukuta. Mwili unaongeza tu vyumba, chini ya ngozi, ndani ya tumbo, popote. Tena ukipima ugali na mafuta uzito sawa, mafuta yamebeba nguvu zaidi ya mara mbili. Mwili unayapenda sana. Unayaweka kungoja njaa. Huyu njaa haijamfikia tangu aingie mji huu."

Min Okello hakutaka kushindwa. "Na samaki? Mimi nimempatia mbuta kila siku, ndiyo apate nyama kwa mikono."

"Mama, samaki ni protini. Protini haina stoo. Hiyo ni fundi. Anakuja kujenga na kurekebisha. Akikuta hakuna kazi, mwili haumweki kungoja. Unamvunja. Sehemu moja inatoka na mkojo, hiyo ingine inachomwa, ama inageuzwa sukari, hata mafuta."

Mwiko ukashuka polepole. "Kwa hivyo mbuta yangu yote huyu mtoto amekojoa?"

"Si yote, mama."

"Mbuta yangu!"

"Wewe ulimkataza kazi. Hata maji hachoti. Misuli yake itajuaje inatakikana?"

Mzee wa pili aliinama mbele na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na tumbo kama hii yangu?" Mwalimu akamwambia ni hesabu ileile. Mzee akajishika tumbo, akalitafakari. Lakini yule mama mwenye miwani alisimama akajifunga kitambaa vizuri. "Bayolojia ni sawa," akasema. "Sisi tutangoja miezi tisa." Na wakaenda zao, baada ya kumaliza samaki.

Kesho yake Min Okello alinipakia mashuani na Boke, twende Remba. Aliniaga kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika bayolojia. Remba ni mwamba mmoja mdogo uliojaa watu mpaka kwenye kingo, bati juu ya bati, na harufu ya omena unaikuta kabla hujakiona kisiwa. Kazi yetu ilikuwa kubeba omena kwa mabeseni kutoka mashuani, kuwapandisha juu, kuwatandaza juu ya nyavu, kuwageuza, kuwakusanya mvua ikitishia, na kuwatandaza tena. Wiki za kwanza nilitamani kufa. Tumbo langu lilikuwa likinitangulia mlimani na kuningoja. Wanawake wa pale, wenye mabega kama ya wapagazi, walinipisha njia kwa heshima ya kejeli. "Pisheni mbuta wa Kuria!" Nilikula kilekile nilichokula mjini, nikitetemeka kwa njaa kila mlo ulipofika, na safari hii chakula kilikuta kazi imewekwa tayari. Mikono ikaanza kujaa. Nikiinua beseni niliona kitu kikijikunja chini ya ngozi, nikadhani nimeumia, nikamwonyesha Boke. Akanipiga kofi la furaha mgongoni.

Mara moja tulipatwa na upepo wa siku kadhaa, mashua za unga hazikuvuka, tukabaki tukila omena wa kuchemsha bila ugali. Mwanzoni niliona bahati, omena ndiyo protini, nitatoka hapa nimekuwa mwanamieleka. Kumbe nililegea mpaka nikakaa chini na beseni tupu. Nilipomsimulia Mwalimu baadaye alitikisa kichwa. Alisema stoo ndogo ya wanga ilikuwa imekwisha, na ingawa mafuta yangu yalikuwa yanachomwa, ubongo na damu bado vilidai sukari yao, kwa hiyo mwili ukawashika mafundi na kuwatia jikoni kama kuni. Tangu siku hiyo sijawahi kumdharau mtu anayeniambia bila ugali hajala.

Niliporudi Homa Bay, miezi tisa ya kanisa ilikuwa imepita na ushei. Yule mama mwenye miwani alikuja mwenyewe, akanizunguka, akaangalia tumbo lililokuwa limelala kama shuka iliyotandikwa. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya waumini wote na kutangaza kwa sauti kavu: "Lile jambo la Nyar Kuria. Ilikuwa ugali." Kisha akaketi. Sijawahi kuombwa msamaha kwa ufupi namna ile, wala kwa ukamilifu namna ile. Aliyekataa kufurahi ni Min Okello. "Kazi yangu yote imeisha!" alilia. "Tumbo iko wapi?" Nikavutwa mpaka kwa Mzee Abdalla, nikavua viatu. Sindano ikapanda, ikapita pale ilipokuwa siku za tumbo, ikasimama. Min Okello akamwambia mzee wa watu kwamba mizani yake imeharibika. Mzee Abdalla, bila kuudhika, akanishusha, akapandisha gunia la sukari ambalo halijafunguliwa, na mizani ikasema kweli. "Mama Okello," akasema, "binti hajapungua. Amehama tu."

Uwanjani Migori Min Okello alikuja nami, na kikapu. Muuguzi alinikagua akanipitisha. Afande wa mizani alikuwa yuleyule. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja jina, na hapo alivua kofia. Sindano ilipita alama, si kwa kiasi kikubwa, ila ilipita.

"Dada, ulikula nini?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya kuita mashua ikatoka nyuma ya kamba waliposimama wazazi: "Uji ya njugu! Mbuta! Nyoyo! Omena na malai!" Akaendelea mpaka mbio zikaanza. Nilikimbia na miguu ya Remba, nikamaliza kati ya wa kwanza, na jina langu likasomwa. Kule Ntimaru yule mzee wa ng'ombe akajibiwa kwa njia nyingine, na nasikia mke aliyemwoa alimtawala vizuri.

Chuo cha makurutu kilikuwa mbali, baridi, na uji wake ulionyesha chini ya kikombe. Tulikimbia asubuhi, tukakimbia mchana, tukakimbizwa kwa makosa ya kukimbia. Wasichana walianguka gwarideni wakabebwa. Mimi sikuanguka. Lakini niliuona mwaka wa Min Okello ukinitoka: mashavu kwanza, kisha kiuno, kisha hata yale mafuta ya mgongoni ambayo sikujua kuwa ninayo. Mshipi niliutoboa tundu jipya kwa msumari. Nilipopewa likizo ya kwanza, furaha yote ya sare iliniishia njiani, kwa sababu nilikuwa naenda kumwonyesha mwanamke yule mifupa. Nilivaa koti kubwa la mvua juu ya sare, na jua la Homa Bay likinichoma, nikaingia hotelini wakati wa chakula cha mchana, meza zote zimejaa.

Alinitazama kutoka jikoni. Akaja, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalitupa juu ya benchi. Akatazama sare. Akatazama shingo yangu na mifupa yake. Nilianza kujieleza, mbio, baridi, uji wa kule. Akainua mkono ninyamaze.

"Ile yote nilikuwekea," akasema. "Ilitumika?"

"Ilitumika, mama. Yote."

"Ulianguka?"

"Sikuanguka."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata jibu la swali alilolibeba kwa muda. "Basi ni sawa. Niliweka ndiyo itumike." Kisha akageukia meza ya mafundi wa mashua, akawaambia wasimame, watoke pale haraka, askari anataka kukaa.